Matufaha Karai

Mtu aliyekulia Mombasa, akazoea kuchovya viazi kwenye rojo la unga lenye manjano na kuvitumbukiza karaini jioni, hana haja ya kufundishwa kukaanga matufaha. Anajua kuwa rojo likiwa jepesi litachuruzika na kiazi kitabaki uchi ndani ya mafuta, na likiwa zito atakula unga mtupu. Anajua kulisikiliza karai: kelele zikipungua, maji yamekwisha, ni wakati wa kuopoa. Kilichobaki kujifunza ni tufaha lenyewe, na hapo ndipo mapishi mengi ya mtandaoni yanapopita mbio. Yanasema tu "chukua matufaha manne", kana kwamba matufaha yote ni ndugu wa tumbo moja.

Naishi Uholanzi, na huku matufaha ya kukaanga yana siku yake, tarehe 31 Desemba. Wiki nyingi kabla ya siku hiyo, vibanda vya biashara huanza kuota kwenye viwanja na pembe za barabara. Vinauza hasa vitu viwili. Cha kwanza ni oliebollen, ambazo Mswahili akiziona ataapa ni kalimati zilizokua hadi zikawa kama ngumi ya mtu mzima, ila hazina shira. Cha pili ni appelbeignets, pete za tufaha zilizovikwa rojo, zikakaangwa, zikanyunyiziwa mdalasini na sukari ya unga. Siku yenyewe ya kufunga mwaka foleni huzunguka kona, watu wamevaa makoti mazito na mifuko ya karatasi mkononi. Wasiopenda foleni hukaanga wenyewe, na wengi wao hawakaangi jikoni. Wanatoa kikaangio cha umeme hadi kwenye banda la baiskeli nyuma ya nyumba, au roshani, kwa sababu harufu ya mafuta ikishaingia kwenye mapazia ya nyumba iliyofungwa madirisha yote kwa baridi, mtakuwa nayo hadi Januari iishe.

Aliyenifundisha ni jirani, mama mjane aliyekuwa akikaangia ukoo mzima kila mwisho wa mwaka. Somo lake la kwanza lilifanyika sokoni. Aliyapita matufaha mekundu yanayong'aa bila hata kuyatazama, akasimama mbele ya kreti la matufaha makubwa, mabaya ya sura, ngozi yake ya kijani na kahawia ikikwaruza vidole. Muuzaji akanikatia kipande nionje. Nilifumba macho kwa ukali wake. Yule mama akacheka, akasema ndilo hilo tulilolifuata.

Jina lake la sokoni ni Goudreinet. Aina iliyo maarufu zaidi chini ya jina hilo ilitokea Boskoop, mji wa magharibi mwa Uholanzi unaojulikana kwa vitalu vya miti, mwaka 1856, na kwa hiyo wengine huliita Belle de Boskoop. Si tufaha la kutafuna njiani. Lina asidi nyingi, nyama yake ni ngumu na kavu kidogo, na likipata moto hulainika hadi likawa uji mzito ambao bado una ladha ya kitu fulani. Hilo la mwisho ndilo jambo kubwa. Tufaha tamu la kula mkononi linapendeza kwa sababu ya harufu yake, majimaji yake na ule mlio linapong'atwa. Tia kwenye mafuta ya moto, harufu inaruka, mlio unakufa, majimaji yanageuka tatizo. Kinachobaki ni sukari, na wewe juu yake unakwenda kuongeza sukari nyingine. Asidi haikimbii moto. Ndiyo maana tufaha lililokufumbisha macho likiwa bichi ndilo litakalokuwa na la kusema likishakaangwa.

Kwa aliyeko Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, Goudreinet halipo na wala asilitafute. Atafute lile la kijani, Granny Smith, ambalo huja kutoka Afrika Kusini na hupatikana madukani na kwa wauza matunda. Huyo Granny Smith alikuwa mtu wa kweli: Maria Ann Smith, mkulima wa Eastwood karibu na Sydney, Australia, aliyeugundua mche wake ukijiotea shambani kwake mwaka 1868. Alifariki mwaka 1870, kabla tufaha hilo halijasafiri popote. Lake ni gumu kuliko Goudreinet, halipondeki upesi, na ukali wake unatosha. Kuna pia matufaha ya kwetu ya nyanda za juu, Kenya na Tanzania, na aina inayopandwa sana ni Anna, iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya nchi zisizo na baridi kali, maana mitufaha mingi haitoi maua bila kupitia majuma ya baridi. Anna lililovunwa mapema, kabla halijawa tamu sana, linakaangika vizuri. Likiiva kabisa, lile na watoto. Yale mekundu ya kung'aa yanayopangwa kwenye piramidi barabarani, yaache yapendeze pale pale.

Sasa maji. Tufaha karibu asilimia 85 ni maji, na kila kinachoharibika kwenye pishi hili huharibika kwa maji. Kiazi karai huchemshwa kwanza, kikapoa, kikakauka juu, ndipo kikachovywa. Rojo linakishika vizuri. Tufaha bichi likikatwa linatoka jasho papo hapo. Ukilichovya hivyo, kati ya unga na nyama panajengeka tabaka la maji, yale maji yanageuka mvuke ndani ya karai, na koti lote linachomoka kama soksi kubwa. Utaopoa pete ya unga upande mmoja na tufaha upande mwingine.

Dawa yake ni kazi ya dakika chache. Menya matufaha manne makubwa. Toa moyo wenye mbegu kwa kitoboleo, au kama huna, kata pete kwanza kisha toboa kila moja katikati kwa kifuniko kidogo cha chupa. Unene uwe kama sentimita moja. Nyembamba zaidi inapotelea ndani ya unga, nene zaidi inabaki mbichi wakati nje imeshaungua. Zipake limau kidogo ili zisigeuke kahawia, zilaze juu ya kitambaa safi, zifunike na kingine, zibonyeze taratibu. Halafu, na hili wengi hulipuuza, pitisha kila pete kwenye unga mkavu pande zote na uikung'ute. Ule unga mkavu unakunywa jasho linaloendelea kutoka na unampa rojo mahali pa kushika. Usitie sukari kwenye pete kabla ya kukaanga, hata kidogo. Sukari huvuta maji kutoka kwenye tunda, na umerudi ulikotoka.

Kuhusu rojo sina mengi, kwa sababu kila nyumba ina mkono wake. Langu ni gramu 200 za unga wa ngano, nikitoa vijiko viwili vikubwa na kuweka mahali pake unga wa mchele ili lipasuke vizuri mdomoni. Kijiko cha chai cha baking poda, chumvi ya kuonekana, yai moja, iliki iliyotwangwa, na maji ya gesi yaliyotoka kwenye friji, karibu mililita 225, nikimimina kidogo kidogo hadi rojo lifunike mgongo wa kijiko bila kudondoka haraka. Waholanzi wengi hutia bia kwa sababu hiyo hiyo ya mapovu, na maji ya gesi yanafanya kazi ile ile bila kumkera mtu. Koroga upesi na uache likiwa bado na vibonge vidogo. Ukilipiga hadi likawa laini kama rangi ya ukuta, utomvu wa ngano (gluteni, ile inayofanya donge livutike) unaamka na utapata koti la kutafuna. Sukari ndani ya rojo sitii, au kijiko kimoja tu, maana inawahi kuungua na kukudanganya kuwa pete imeiva.

Mafuta ndiyo penye ugomvi mkubwa kati ya wapishi. Wenye vipimajoto wanataka nyuzi 180 za Selsiasi na wako sawa. Asiye nacho adondoshe tone la rojo: likizama na kukaa chini, bado, likizama na kurudi juu mara moja likichemka pembeni, tayari, likigeuka kahawia kabla hujahesabu hadi kumi, punguza moto na usubiri. Mafuta yawe na kina cha kutosha pete ielee. Tia tatu au nne tu kwa mara moja kulingana na karai, kwani kila pete inayoingia inaleta baridi na maji, na karai lililojazwa hushuka joto hadi likaanza kupika kwa kulowesha badala ya kukaanga. Kama dakika mbili kila upande zinatosha.

Watu husema chakula kimenyonya mafuta kwa sababu kimekaa sana karaini. Nusu ya kweli. Pete ikiwa ndani ya mafuta ya moto, mvuke unatoka nje kwa nguvu kupitia vitundu vya koti, na mvuke unaotoka hauachi nafasi ya mafuta kuingia. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kuopoa. Pete inapoanza kupoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, nafasi tupu inabaki, na mafuta yaliyogandia juu ya koti yanavutwa ndani. Kwa hiyo sekunde zinazofuata baada ya kuopoa zina kazi kuliko zilizotangulia. Ikung'ute pete juu ya karai, iweke kwenye wavu wa chuma ili hewa ipite chini, kisha gusa juu na chini kwa tishu ya jikoni mara moja. Kuzirundika kwenye sahani, moja juu ya nyingine, chini zimetandikwa gazeti, ndiko kunakozifanya zilegee. Zinapikana kwa mvuke wa wenzake. (Gazeti nimelila sana utotoni pamoja na bajia, habari za siasa zikiwa zimejichapa juu ya kitafunio, na bado nipo.)

Na kwa kuwa tuko kwenye mafuta: kifuniko cha karai kiwe karibu na mkono wakati wote. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika, ondoka. Maji usiyaguse.

Juu yake Waholanzi hunyunyiza sukari na mdalasini tu. Mimi natia na chembe ya karafuu ya kusaga, na jirani yangu alipoona alinitazama kama mtu aliyeleta jambo geni nyumbani kwake. Kumbe mgeni hakuwa mimi. Katika kitabu cha mapishi kilichochapwa Amsterdam miaka ya 1660 mna maelezo ya oliekoecken, mababu wa hizi oliebollen: unga wa ngano, hamira, maziwa ya uvuguvugu, zabibu kavu kwa wingi, lozi, matufaha mazuri yaliyomenywa na kukatwa vipande vidogo sana, kisha mdalasini, tangawizi nyeupe na karafuu. Miaka kadhaa kabla ya hapo Aelbert Cuyp, mchoraji wa Dordrecht, alichora msichana mtumishi akiwa na chungu kilichojaa maandazi hayo. Ukiisoma orodha ile mbele ya mama yeyote wa Pwani atakuuliza kwa nini hujatia iliki.

Karafuu ile ilikuwa na historia chafu. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilikuwa, katika miaka ile ile, inakata mikarafuu katika visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na kuiacha Ambon na visiwa vya jirani tu, ili bei isishuke na mlango wa kuuzia uwe mmoja. Kilichouvunja ukiritiba huo ni miche iliyotoroshwa na Wafaransa hadi Mauritius karibu mwaka 1770, kwa juhudi za Pierre Poivre, msimamizi wa kisiwa hicho. Kutoka visiwa vile vya Bahari ya Hindi mkarafuu ukafika Unguja mapema karne ya 19, Sayyid Said akahimiza upandwe, na mashamba yakajaa kwa jasho la watumwa waliotolewa bara. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikashika usukani. Basi ile chembe ninayotia kwenye sukari jikoni Uholanzi, ninayoletewa kutoka nyumbani ndani ya bahasha, imepita njia ndefu ya aibu za watu wengi kabla ya kurudi kwenye tufaha la Mholanzi. Jirani alionja, akanyamaza, akaomba bahasha.

Uingereza nayo ilikaanga matufaha zamani sana. Wapishi wa mfalme Richard II, katika mapishi yaliyokusanywa karibu mwaka 1390, walichemsha kidogo matufaha na mizizi ya bustanini, wakayachovya kwenye rojo la unga na mayai lenye pombe ya shayiri, hamira, chumvi na zafarani, wakakaanga na kupeleka mezani pamoja na tui la lozi. Zafarani na tui. Kuna futari nilizokula zenye anasa ndogo kuliko hiyo.

Wamarekani wana lao, na ndilo linalojaza picha za mtandaoni: bonge lisilo na umbo, lenye mabonde na vilima, limeng'aa kwa sukari iliyogandia juu. Wahamiaji wa Kiholanzi walivuka na oliekoecken zao hadi New Amsterdam, mji uliokuja kuwa New York, na ni rahisi kuona undugu. Hilo la maduka ya donati hutengenezwa kwa donge la hamira: linaumuliwa, linatandazwa, linamwagiwa matufaha yaliyopikwa na mdalasini, linakatwakatwa ovyo kwa kisu kikubwa, linasukumwa pamoja tena, linaumuka mara ya pili, ndipo linakaangwa. Ukiwa na siku nzima na hamu ya kufuta meza, jaribu. Matufaha yapikwe kwanza hadi maji yakauke, la sivyo donge litafunguka ndani ya mafuta. Njia ya mkato ambayo Wamarekani wenyewe hutumia nyumbani ni kuchanganya vipande vidogo vya tufaha ndani ya rojo zito na kuchota kwa kijiko moja kwa moja karaini, jinsi tunavyofanya kwa kalimati za haraka. Ni tamu, ila tufaha ndani yake ni mgeni mwalikwa tu. Mwenye nyumba ni unga. Pete inampa tufaha nyumba yake.

Nilimweleza haya khalati yangu wa Mombasa kwa simu, siku moja ya Ramadhani, yeye akiwa anamenya viazi na simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Shikamoo, khalati. Leo nakaanga matufaha."

"Marahaba mwanangu. Epo nalo lakaangwa? Huko kwenu hakuna ndizi?"

"Ndizi zipo, khalati, lakini zimetoka mbali kuliko mimi."

Alicheka, akaendelea kumenya. Kisha, bila mimi kumwambia lolote kuhusu maji wala unga mkavu, akauliza: "Sasa hilo epo latoa maji. Wewe walikausha na nini?" Swali la kwanza kabisa. Hakuuliza gramu wala joto. Nikamweleza. Akasema, "Enhe, kama ndizi mbivu," kwa sauti ya mtu anayehakikisha tu kuwa nami najua.

Siku chache baadaye alinitumia picha. Alinunua matufaha ya kijani, akayakata pete, rojo lake likawa lile lile la viazi karai, la manjano, lenye chumvi na dania iliyokatwa, bila sukari hata chembe. Pembeni bakuli la ukwaju wenye pilipili. Nilidhani amenitania. Nikayapika hivyo hivyo wikiendi iliyofuata, kwa kuogopa kidogo, na nakiri kwa upande wa ukoo kuwa khalati amewashinda Waholanzi. Tufaha kali ndani ya unga wa chumvi, likachovywa kwenye ukwaju, lina ukali wa aina mbili zinazogombana mdomoni, na manjano inakaa katikati kuzipatanisha. Wala halihitaji Desemba. Linaliwa kama kitafunio cha jioni pamoja na chai ya rangi isiyo na sukari nyingi.

Siku hizi nakaanga nusu kwa nusu. Rojo la chumvi ndilo la pili, baada ya lile la iliki, kwa sababu manjano hubadilisha rangi ya mafuta na dania huacha mabaki yanayoungua. Yakibaki, ya aina yoyote, usiyatie maikrowevu, yatalegea. Yapange kwenye trei bila kugusana, oveni nyuzi 180, dakika tano hadi saba. Asiye na oveni ayarudishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ageuze mara moja. Sukari au ukwaju viwekwe mezani, kila mtu ajichotee yakiwa bado moto.